Je, wajua kwa nini kuhamisha maofisi kutoka mjini kunaweza kuongeza foleni?

Hoja hii nilikuwa bingwa wake: foleni ya Dar inaletwa na watu wote kwenda Posta, yaani mjini kwenyewe, kwa hiyo toa maofisi Posta peleka Tegeta, Bunju, kokote huko, foleni kwisha. Nimeibishania kwenye daladala, kwenye misiba, mpaka mbele ya wakwe. Na ukiangalia harakaharaka inaingia akilini kabisa, maana saa moja asubuhi magari yote yameelekea upande mmoja kama siafu, sasa si uwaondolee hicho wanachokifuata? Kumbe mi nilikuwa nahesabu majengo, sihesabu watu wanatokea wapi.

Halafu ofisi niliyokuwa nafanya kazi ikahama kweli, kutoka Posta kwenda huko mbele Barabara ya Bagamoyo. Mi nakaa Mwenge, barabara hiyohiyo, nikashangilia. Dada wa mapokezi anatokea Mbagala, zamani gari moja tu mpaka mjini, anashuka anatembea. Baada ya kuhama akawa anaunganisha, nauli mara mbili, kugombania mlango mara mbili, na bado anachelewa.

Geuza baiskeli miguu juu uangalie tairi. Spoku zote zinakutana katikati. Sasa kila spoku ifanye barabara: Kilwa ya watu wa Mbagala, Nyerere ya Gongo la Mboto, Morogoro ya Kimara, Bagamoyo ya Tegeta. Sisimizi wa ncha ya spoku yoyote akitaka sukari iliyo katikati, safari ni moja. Ihamishie ile sukari kwenye ncha ya spoku ya Bagamoyo. Sisimizi wa hapo anacheka, ila wa zile spoku tatu wanashuka mpaka katikati halafu wanapanda tena upande wa pili, au wazunguke kwenye ringi, yaani barabara za Mandela na Sam Nujoma, na hali ya ringi hiyo jioni unaijua. Katikati hapajapumua, pamegeuzwa njia tu. Mbaya zaidi, ukitawanya sukari ncha zote hakuna ruti inayojaza gari, konda hawezi kwenda na abiria wanne, kwa hiyo mwenye uwezo ananunua gari lake.

Hapo ndo hesabu inachekesha. Chukua jengo la watu 3,000. Kila mtu aje na gari lake: leni moja nzuri isiyo na taa wala bodaboda inapitisha kama magari 2,000 kwa saa, na leni ya hivyo mjini hakuna. Wapakie kwenye yale mabasi marefu ya mwendokasi ya mita 18, watu kama 150 kila moja, ni mabasi 20, basi moja kila dakika 3 na saa haijaisha wote wameingia. Bado kuegesha. Gari pamoja na nafasi ya kugeuzia linakula kama mita za mraba 25, mwenye gari na meza yake na kipande chake cha korido anatosha kwenye 10. Yaani gari linahitaji ofisi kubwa kuliko bosi wake.

Kwa hiyo ofisi kubwa na usafiri wa wengi ni mtu na pacha wake. London walijenga mnara wa Canary Wharf, ukakamilika 1991, 1992 kampuni iliyoujenga ikafilisika, na treni ya maana ya Jubilee ikafika 1999. Sio treni peke yake, soko la majengo nalo lilikuwa limeanguka, ila treni ilikuwa sehemu ya maumivu.

Tairi langu lina kasoro, nakiri. La Dar ni nusu tu, nusu nyingine ni bahari, kwa hiyo Posta sio katikati hasa, ipo pembeni. Na serikali kwenda Dodoma ni kesi nyingine, maana kule wafanyakazi walihama na makazi yao.

Sasa nani anachagua ofisi iende wapi? Mmarekani William Whyte aliwahi kufuatilia kampuni 38 zilizohama New York, sababu rasmi ikiwa maisha bora ya wafanyakazi. Akakuta 31 kati yake zimehamia karibu na nyumbani kwa bosi mkuu, wastani wa maili 8 hivi. Wa kwetu anakaa Mbezi Beach, njia hiyohiyo ya Bagamoyo.