Boti ya Kasi Haitawavusha Watu wa Karibi Kama Gati ni Bovu

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii na mtu ambaye sahihi yake ndiyo inayotoa fedha: visiwa vya Karibi vinaonana kwa macho, kwa nini wasinunue boti za kasi wakamaliza? Tangu LIAT, shirika la ndege lililounganisha visiwa hivyo, lianguke mwaka 2020, swali hili halinipi nafasi. Kazi yangu ni magati. Nikianza kuyaeleza, msikilizaji ameshafungua picha za katamarani, boti ya matumbo mawili, kwenye simu. Basi naandika, nikiulizwa tena nitatuma hii.

Tuanze na hesabu. Kutoka Roseau, Dominika, mpaka Fort-de-France, Martinique, ni kama maili 45 za baharini. Boti ya maili 30 kwa saa inatumia saa moja na nusu. Nunua ya maili 35, umeokoa dakika 13. Kwa kanuni tunayoitumia wote, kwamba nguvu hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, dakika hizo zinadai injini zenye nguvu karibu mara 1.6. Kwa katamarani nyembamba kanuni hiyo hutia chumvi, nakubali, na takwimu za watengenezaji hupimwa kwenye maji matulivu kiasi kwamba siwezi kuziapia kwenye bahari yenye upepo. Lakini hata ukikata ongezeko hilo nusu, mafuta yake yanauma.

Sasa shusha abiria 300. Weka meza nne za uhamiaji, dakika moja kwa kila mtu: wa mwisho anatoka baada ya dakika 75, na forodha bado inamsubiri na mabegi yake. Dominika iko katikati ya Guadeloupe na Martinique, ambazo zote mbili ni Ufaransa. Boti ya Pointe-à-Pitre, Guadeloupe, kwenda Fort-de-France ikipitia Roseau inatoka Umoja wa Ulaya, inaingia nchi nyingine, halafu inarudi Umoja wa Ulaya, yote ndani ya siku moja. Zile dakika 13 zimeshaliwa kwenye foleni ya kwanza.

Na hili linatibika, maana limewahi kutibiwa. Mwaka 2007, kwa ajili ya Kombe la Dunia la Kriketi, nchi 10 za CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi, zilijifanya eneo moja la safari za ndani kwa miezi michache. Mgeni aligongewa muhuri nchi ya kwanza, akaendelea kwenye nyingine kama anayekwenda mkoa wa jirani. Kriketi ikaisha, utaratibu nao ukafungwa. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu hakikuhitajika chombo hata kimoja kipya. Uhuru wa kuhama ambao Barbados, Belize, Dominika na Saint Vincent walifunguliana Oktoba 2025 ni jambo kubwa, lakini ni haki ya kuishi na kufanya kazi. Foleni ya gatini inahitaji dawa yake.

Lakini linalonichosha kuliko yote ni mawimbi. Miji kama Roseau, Basseterre na Charlestown iko upande wa demani, ambako kisiwa chenyewe kinaukinga ule upepo wa mashariki unaovuma karibu mwaka mzima. Mgeni akifika Juni anaona maji yametulia, anaandika kwenye ripoti kwamba bandari ni salama. Kisha inakuja Desemba mpaka Machi. Dhoruba za kaskazini ya Atlantiki, mbali kabisa, zinasukuma mawimbi marefu yanayofika visiwani bila upepo wowote, jua linawaka, anga safi.

Hapo mkubwa fulani anafungua utabiri na kunipigia simu: leo mita mbili tu, juzi ilikuwa mita mbili na nusu na boti ilikwenda, kwa nini nahodha anakataa? Hakusoma tarakimu ya pembeni, ile ya sekunde kati ya wimbi na wimbi. Isomeni, tafadhali! Wimbi la sekunde 7 kwenye kina kirefu lina urefu wa kama mita 76 kutoka kilele hadi kilele. La sekunde 14 lina mita 300 na ushei. Sekunde zikiwa mara mbili, urefu unakuwa mara nne. Wimbi refu namna hiyo linaihisi sakafu ya bahari mapema, linapinda kufuata ufuko, linazunguka pembe ya kisiwa na kuingia demani, ambako lile fupi halifiki. Katikati ya mlango wa bahari hutalijali. Boti inapanda na kushuka pole pole, watu wanasinzia. Shida inaanza boti ikishafungwa kamba.

Simama gatini siku kama hiyo uangalie. Boti inakwenda mbele hatua mbili, inasita, inarudi nyuma hatua mbili. Kamba ya tezi inakazwa mpaka maji yanachuruzika kutoka kwenye nyuzi zake, kisha inalegea na kuangukia baharini. Mlango wa magari unakwaruza zege, unainuka, unashuka tena mahali pengine. Baharia ameinua kiganja mbele ya gari dogo, akisubiri mlango utulie, na dereva ndani ameng'ang'ania usukani. Nahodha mwenye akili anaagiza kamba zifunguliwe na kuondoka hapo. Safari imefutwa, injini zote nzima, na kasi ya boti haikuhusika kwa lolote.

Montserrat wanalijua hili kwa uchungu. Volkano ilipoifukia Plymouth, mji mkuu wao, mwaka 1997, maisha yalihamia kaskazini, na bandari ikawa Little Bay, ghuba inayotazama kule kule mawimbi hayo yanakotokea. Kwa miaka mingi gati lake lilisimama bila ukuta wa kuvunja mawimbi, na mpaka uwanja mpya wa ndege ulipofunguliwa mwaka 2005, kivuko na helikopta kwenda Antigua ndivyo vilivyokuwa mlango wa kisiwa.

Ukuta nao una mambo yake. Ukiwekwa vibaya, mawimbi marefu yanaingia na kukosa pa kutokea, bandari nzima inacheza. Mfano wa kompyuta utakupa mchoro mzuri wenye rangi, lakini mimi siuamini mpaka uwe umelishwa vipimo vya boya vya misimu kadhaa ya baridi. Mara nyingi naletewa vya mwaka mmoja na kuambiwa nichore.

Kuna nafuu moja. Unguja bamvu hupandisha na kushusha maji karibu mita 4. Sehemu kubwa ya visiwa vya Karibi haifiki hata nusu mita. Gati la kuelea lenye daraja fupi linatosha na si ghali. Mwani wa sargassum, unaofurika tangu 2011, ni habari nyingine: ukivutwa kwenye matundu ya maji ya injini, boti ya kasi inakuwa ya pole.

Sikatai kwamba kuna siku chombo chenyewe ndicho kinachokosekana. Mwaka 2017 Trinidad na Tobago walipoipoteza Superfast Galicia, meli waliyokuwa wameikodi kuunganisha visiwa vyao viwili, Tobago iliumia kweli, na serikali ikaja kununua Galleons Passage, kisha APT James na Buccoo Reef. Lakini Galicia ilipoondoka, kilichopotea kilikuwa nafasi ya malori.

Mizigo ndiyo inayonirudisha kwa wachuuzi wa Dominika, wanaopeleka ndizi, viazi vikuu na machungwa visiwa vya jirani kwa vyombo vidogo vya shehena. Meli mbili ambazo Kanada iliipa Shirikisho la West Indies mwaka 1961, Federal Palm na Federal Maple, zilibeba watu na mizigo pamoja, na ziliendelea kufanya kazi hata shirikisho lilipovunjika mwaka 1962. Katamarani haipendi uzito. Mimi naelekea kwenye meli ya maili 18 kwa saa yenye sitaha ya malori, Roseau mpaka Fort-de-France kwa saa mbili na nusu. Wachuuzi niliozungumza nao wanasema saa hizo hazina neno, ilimradi siku ya meli isibadilike. Abiria waliozoea ndege wamenijibu kinyume kabisa, na bado sijapata hesabu inayowaweka wote kwenye chombo kimoja bila ruzuku.