Pegasus: Manowari Iliyozama Bandarini Zanzibar

Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea ghafla mbele ya bandari ya Zanzibar na kuishambulia Pegasus ya Uingereza, iliyokuwa imetia nanga ikifanyiwa matengenezo ya mitambo. Kisa hiki husimuliwa zaidi kama hila ya nahodha Max Looff, aliyekuwa amejificha katika delta ya Rufiji. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya matokeo yake ilikwisha kuamuliwa miaka mingi kabla, mahali ilipoundwa meli yenyewe.

Pegasus iliundwa Jarrow, kandokando ya mto Tyne, ikashushwa majini mwaka 1897, enzi ya Malkia Victoria. Ilikuwa kruza (manowari ya ukubwa wa kati) ya daraja la tatu, tani 2,135, yenye mizinga minane ya inchi nne na mwendo wa kama maili 20 za baharini kwa saa. Meli za aina yake zilikuwa 11, na zilikusudiwa kulinda njia za biashara na kuonyesha bendera ya Uingereza katika makoloni, si kupambana na wapinzani wenye nguvu. Wakuu wa jeshi la majini walizitumia pia kujaribia boila (matangi ya kuchemshia maji ya mvuke) za aina mbalimbali, na nyingi za boila hizo ziliwapa mafundi taabu isiyokwisha. Baada ya kutumika kwa miaka kadhaa katika maji ya Australia, Pegasus ilipelekwa kwenye kikosi cha Rasi ya Tumaini Jema, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka ilikuwa kwenye pwani yetu.

Hivyo basi, siku ile ya Septemba, meli ya miaka 17 isiyoweza hata kung'oa nanga kwa haraka ilikabiliwa na adui mpya zaidi, aliyefyatua makombora kutoka umbali ambao mizinga ya Pegasus haikuweza kuufikia. Kwa dakika chache tu mizinga ya ubavu uliomwelekea adui ilinyamazishwa. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Alasiri meli ikazama.

Königsberg nayo haikufaidi ushindi wake kwa muda mrefu, kwani iliharibikiwa na injini, ikarudi Rufiji, ikazingirwa na hatimaye kuangamizwa Julai 1915. Mizinga ya meli zote mbili iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kutumiwa katika vita vya nchi kavu, kila mmoja upande wake. Leo mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imewekwa Fort Jesus, Mombasa. Atakayepima midomo yake ataona kwamba wa Kijerumani una sentimita 10.5 na wa Kiingereza 10.2 hivi, yaani tofauti ya milimita tatu tu, ingawa wa kwanza ulirusha kombora mbali zaidi.