Fimbo ya shule ina mipaka

"Mwalimu ni mzazi, achape mpaka anyooke." Nimeisikia tena juzi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kwa mama aliyekuwa akipima dagaa kwa kopo. Mwanawe amesimama pembeni, mistari ya fimbo imemvimba mgongoni, shati halimkai.

Hapana, mama. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania, Tangazo la Serikali namba 294 la mwaka 2002, zinaruhusu fimbo kwa kosa kubwa tu, na zisizidi 4. Anachapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi. Fimbo iwe nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina hata mmoja. Mgongo haumo kabisa.

Tena kuna daftari, na hili wazazi wengi hawalijui: kila adhabu inaandikwa, jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko na aliyechapa, kisha mkuu anasaini. Kwa hiyo mpeleke mtoto zahanati kwanza, halafu nenda kwa mkuu, umwulize kwa heshima: siku ile iliandikwa nini?