Je, wajua kwa nini okidi hainyauki mkononi mwa bibi harusi?

Asmini huchumwa jioni ingali haijafunguka. Ikitungwa kikuba, hufunguka usiku na kunukiza chumba kizima, na asubuhi imeshageuka kahawia. Okidi haina haraka hiyo. Shada likifungwa Jumamosi alfajiri litapita saluni, kanisani au msikitini, kwenye picha za ufukweni na ukumbini hadi usiku wa manane, na Jumapili bado lina uso. Imewezaje?

Jibu ni kwamba okidi inamngoja mgeni. Maua mengine humwaga chavua kama unga, inayobaki ikabaki. Okidi hufunga chavua yake katika vibonge vichache vya kunata, kisha hungoja mdudu anayefaa aje avibebe, na aina nyingi hutegemea wadudu wachache tu, pengine aina moja. Angraecum sesquipedale ya Madagaska ina mrija wa asali wenye urefu wa karibu sentimita 30. Mwanasayansi Charles Darwin alipouona alisema, mwaka 1862, kwamba lazima kuwe na nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho. Nondo huyo alikuja kuelezwa kisayansi mwaka 1903. Ua linalomtegemea mgeni adimu namna hiyo haliwezi kufunguka leo likafa kesho. Phalaenopsis, ile nyeupe pana ipendwayo sana na maharusi, hukaa wazi kwenye mmea wake hata miezi miwili au mitatu.

Si okidi zote zilizo na subira. Vanila nayo ni okidi, lakini ua lake hufunguka asubuhi na kufunga siku iyo hiyo, ndiyo maana wakulima wa Kagera na Uganda hulichavusha kwa mkono mapema.

Sababu ya pili ni makazi yake. Okidi nyingi za mapambo asili yake ni juu ya matawi ya miti, pasipo udongo, mahali ambapo maji huja na mvua na kupotea. Petali zake ni nene, zina utando wa nta, na hupoteza maji polepole. Ndiyo maana ua moja la okidi hustahimili kuchomekwa kwenye nywele au kifuani mwa bwana harusi saa nyingi bila tone la maji.

Lakini subira hiyo ina mwisho, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Chavua ikishafika, ua hutoa gesi iitwayo ethilini, na kwa aina nyingi petali hulegea ndani ya siku chache, kwani kazi ya kuvutia mdudu imekwisha. Ethilini hiyo hiyo hutolewa na ndizi na maembe yanayoiva, na imo pia katika moshi wa magari. Niliwahi kuona mashada yamelazwa usiku kucha katika stoo yenye mikungu ya ndizi za karamu. Kulipokucha yalikuwa yamelegea kama yameungua, na mama wa bibi harusi alilia. Okidi zilidanganywa kwamba mgeni amekwishafika. Hata kile kifuniko kidogo kilicho katikati ya ua, kinachofunika chavua, kisiguswe: katika okidi za aina ya Cymbidium kikidondoka, mdomo wa ua huanza kuwa mwekundu na ua kunyauka.

Kosa jingine ni friji. Waridi hupenda baridi ya nyuzi 2 hadi 4, kwa hiyo wapambaji wengi huweka kila kitu humo pamoja. Okidi za aina ya Dendrobium na Phalaenopsis ni za nchi za joto. Chini ya nyuzi 10 huumia na kutoka madoa. Chumba chenye kivuli na hewa ya kutosha kinazitosha.

Dendrobium nyingi za kukatwa duniani hutoka Thailand, na husafiri kwa ndege kila kikonyo kikiwa na kichupa chake cha maji. Kichupa hicho kisiondolewe mpaka dakika ya kufunga shada. Zikifika zimelegea kwa safari, usizitupe: kata ncha ya kikonyo, kisha zamisha tawi zima, maua na yote, katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hivi. Nyingi huamka.