Kabla ya COMMIT: ninavyobadilisha rekodi bila kuharibu jedwali

Miaka kadhaa iliyopita niliandika amri ya UPDATE, ya kubadilisha rekodi za hifadhidata, yenye mistari mitatu. Sharti la WHERE, linalochagua rekodi zipi zibadilishwe, lilikuwa mstari wa tatu, na lilikuwa sahihi kabisa. Nilipoburuta kipanya kuichagua amri, mkono ukaishia mstari wa pili. Programu iliendesha nilichochagua tu, na kufumba na kufumbua kila mteja kwenye jedwali akawa na hali moja: "amesitishwa". Tulirudisha nakala rudufu ya usiku uliotangulia, na kazi yote ya asubuhi ile ikaingizwa upya kwa mkono.

UPDATE isiyo na WHERE ni amri halali. Hifadhidata haina njia ya kujua kwamba ulikusudia wateja kumi na wawili na si wote. Kujua huko ni kazi yako, na lazima uimalize kabla mabadiliko hayajahifadhiwa. Kwa kawaida programu za hifadhidata kama MySQL na PostgreSQL huhifadhi kila amri papo hapo inapomalizika, kwa hiyo kwenye hifadhidata inayotumika sigusi rekodi hata moja kabla ya kufungua muamala, yaani kifungu cha amri kinachohifadhiwa kwa COMMIT au kutenguliwa kwa ROLLBACK:

BEGIN;

SELECT namba, jina, hali
FROM wateja
WHERE malipo_ya_mwisho < '2023-01-01';

Sharti naliandika kwanza ndani ya SELECT, amri ya kusoma tu. Nasoma rekodi zinazotoka, na si idadi yake peke yake: je, majina haya ndiyo niliyoyatarajia? Nikiridhika, sharti lilelile, bila kuongeza wala kupunguza herufi, linahamia kwenye UPDATE:

UPDATE wateja
SET hali = 'amesitishwa'
WHERE malipo_ya_mwisho < '2023-01-01';

Hifadhidata itajibu ni rekodi ngapi zimeguswa. SELECT ilileta 12, UPDATE inasema 12: naendelea. Ikisema 4,310, naandika ROLLBACK kwanza, kutafuta sababu kutafuata. Ukihofia mtu mwingine asibadilishe rekodi hizo katikati ya hatua mbili, malizia SELECT yako kwa FOR UPDATE. Zitafungwa mpaka muamala wako uishe.

Kusoma rekodi kwa macho hufichua jambo ambalo hesabu haiwezi kulifichua. Katika mfano huu, mteja ambaye hajawahi kulipa kabisa hana tarehe yoyote. Safuwima yake ni NULL, yaani haina thamani. Kulinganisha NULL na tarehe hakutoi ndiyo wala hapana, kunatoa "haijulikani", na WHERE hupokea ndiyo peke yake. Basi mteja asiyelipa tangu aandikishwe anapita salama, huku aliyelipa mara ya mwisho mwaka 2022 akisitishwa. Mara nyingi sivyo aliyekutuma alivyotaka. Ongeza OR malipo_ya_mwisho IS NULL, na kama kuna masharti mengine uyatie mabano, kwa sababu AND hutangulia OR.

Mtego ninaouogopa kuliko yote ni huu:

DELETE FROM maagizo
WHERE namba_ya_mteja IN
  (SELECT namba_ya_mteja FROM wa_kufuta);

Tuseme jedwali la wa_kufuta halina safuwima iitwayo namba_ya_mteja. Yake inaitwa namba tu. Ungetarajia kosa. Halitokei. Kwa kanuni za SQL, jina lisilopatikana kwenye jedwali la ndani hutafutwa kwenye jedwali la nje, na pale lipo. Kila agizo linajilinganisha na namba yake lenyewe, sharti linakuwa kweli, na maagizo yote yenye namba ya mteja yanafutika, mradi wa_kufuta ina angalau rekodi moja. Ukiendesha SELECT ya ndani peke yake, kosa litajitokeza palepale. Dawa ya kudumu ni kutaja jedwali kila mara: wa_kufuta.namba_ya_mteja. Nimeifanya hiyo kuwa sheria yangu hata kwa amri fupi.

Kuna kosa jingine ambalo idadi ya rekodi hailikamati kamwe. Katika MySQL, mtu anaandika AND mahali pa mkato:

UPDATE bidhaa
SET idadi = 40 AND kiwango_cha_chini = 10
WHERE namba = 18;

Rekodi moja imeguswa, kama ilivyotarajiwa. Lakini MySQL imesoma upande wote wa kulia kama swali moja la kweli au si kweli, kwa hiyo idadi inakuwa 1 au 0, na kiwango_cha_chini hakijabadilika. PostgreSQL ingeikataa amri hiyo. Ndiyo maana baada ya UPDATE narudia SELECT kwa namba za rekodi zilezile, nione thamani mpya, kisha ndipo COMMIT. Kwenye PostgreSQL ukiongeza RETURNING mwishoni mwa UPDATE, thamani mpya zinarudi hapohapo.

Kwa mabadiliko makubwa huweka pia nakala ya rekodi zitakazoguswa:

CREATE TABLE wateja_kabla AS
SELECT * FROM wateja
WHERE malipo_ya_mwisho < '2023-01-01';

Ifanye kabla ya BEGIN. Katika MySQL na Oracle, amri ya kuunda jedwali huhifadhi kimyakimya kila kilichokuwa kinasubiri ndani ya muamala, na ROLLBACK utakayoandika baadaye haitarudisha kitu.

Anayetumia MySQL kwenye dirisha la amri aiwashe kwa --safe-updates. Itakataa UPDATE au DELETE isiyotumia ufunguo (safuwima yenye faharasa ya kutafutia rekodi) ndani ya WHERE wala kikomo cha LIMIT. Ingeniokoa asubuhi ile.

Usiuache muamala wazi ukaenda kupumzika. Rekodi ulizozigusa zimefungwa, na kila anayetaka kuzibadilisha anasubiri nyuma yako. Kwa InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, hali huwa mbaya zaidi sharti lako likikosa faharasa: kwa mpangilio wake wa kawaida hufunga kila rekodi inayopitia, hata isiyolingana na sharti. Kwa hiyo amri zote huziandaa kwenye faili, nikazijaribu kwenye nakala ya hifadhidata, na kazi ikiwa ya rekodi laki kadhaa naigawa mafungu ya elfu moja moja kwa kufuata ufunguo mkuu, kila fungu na COMMIT yake.