Lugha mpya huanzia kwa watoto

Kila nikijitambulisha kuwa ni mwanaisimu, yaani mtafiti wa lugha, swali la kwanza huwa lile lile: lugha ya kwanza duniani ilikuwa ipi? Shida ni kwamba sauti haiachi mabaki ardhini kama mfupa. Maandishi ya kale kabisa tunayoweza kuyasoma, ya Wasumeri wa Iraki ya kale, yana umri wa miaka elfu tano hivi, ilhali binadamu alikuwa akizungumza zama nyingi kabla ya hapo. Mwaka 1866 Chama cha Isimu cha Paris kilifikia hatua ya kupiga marufuku mada hiyo katika vikao vyake. Siwalaumu.

Ukiliuliza swali hilo kwa namna nyingine, jibu lipo. Lugha mpya huzaliwaje? Hilo limeshuhudiwa likitokea, tena juzijuzi tu.

Hadi miaka ya 1970 viziwi wengi wa Nikaragua, nchi ya Amerika ya Kati, waliishi kila mmoja kwao, na ishara chache alizozoeana na watu wa nyumbani. Mwaka 1977 ikafunguliwa shule ya elimu maalumu mjini Managua, kisha mwaka 1980 ikafuata ya ufundi. Watoto na vijana viziwi kwa mamia wakajikuta pamoja kwa mara ya kwanza. Walimu walikazana kuwafundisha kusoma midomo na kutamka Kihispania, wakaambulia kidogo sana. Kumbe darasa lenyewe lilikuwa uwanjani na ndani ya basi la shule. Huko kila mtoto alileta ishara za kwao, zikachanganyika, zikachujwa, zikawa za wote. Mwaka 1986 wizara ya elimu ilimwita mwanaisimu Mmarekani, Judy Kegl, aje kuwaeleza kinachoendelea. Ajabu aliyoikuta ni kwamba wadogo waliwapita wakubwa. Wakubwa waliunga ishara kwa kubahatisha, na wadogo walizitumia kwa kasi na kwa kanuni.

Kanuni gani? Mtafiti Ann Senghas na wenzake waliwaonyesha viziwi hao katuni ya paka anayebiringika mtaani kwenye mteremko, kisha wakawaomba waisimulie. Wale waliojiunga na shule mwanzoni walipeleka mkono chini huku wakiuzungusha, mambo mawili katika ishara moja, kama ambavyo mtu yeyote anayesikia angepunga mkono akisimulia. Waliojiunga baadaye walilipasua tukio hilo: ishara ya kubiringika, kisha ishara ya kuteremka. Ukiangalia juu juu utasema wameharibu picha nzuri. Lakini kipande kilichotengwa kinaweza kupachikwa kwingine: kuteremka kwa kuruka, kubiringika kwa kupanda, na kadhalika bila kikomo. Sarufi ndiyo hiyo. Hakuna aliyewafundisha, kwa sababu hakukuwa na mtu mzima aliyeijua.

Lugha kongwe nazo haziachi kujijenga. Tazama "atakuja" na "atakayekuja". Katika umbo la pili kitenzi "taka" bado kimesimama kizima. Katika la kwanza kimesagika hadi kubaki "ta" ya wakati ujao. Vizazi vya wasemaji vilifanya hivyo bila kikao wala azimio.

Kuenea ni habari nyingine, na hapa watu hukosea sana. Wengi hudhani lugha ikifika mahali, basi watu wake ndio waliohamia. Mara nyingine ni kweli: lugha za Kibantu zilianza kusambaa kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni yapata miaka elfu nne au tano iliyopita, na vinasaba vinaonyesha kuwa watu wenyewe walihama. Lakini chukua Hungaria. Wamajari, walioleta Kihungaria, waliingia huko mwishoni mwa karne ya 9 wakiwa wapanda farasi kutoka nyika za mashariki, na ndugu wa karibu wa lugha yao ni Kikhanti na Kimansi, kule Siberia ya magharibi. Hata hivyo, Wahungaria wa leo kwa damu wanafanana mno na majirani zao wa Ulaya. Maana yake wengi wa mababu zao walibadili lugha. Galia, yaani Ufaransa ya kale, chini ya Warumi ilikuwa hivyo hivyo: mahakama, jeshi, biashara na ndoa vilikwenda kwa Kilatini, na polepole wazazi wakaona Kigalia hakiwafikishi watoto popote. Ndiyo maana huwa sina subira na wanaosema lugha fulani ilienea kwa sababu ni rahisi au tamu. Ilienea kwa sababu ilikuwa na ulaji.

Na bado kuna watu ambao hawataki kuiacha yao hata kwa ulaji. Pakistan iliundwa mwaka 1947 kwa msingi wa dini, na viongozi wake wakataka Kiurdu kiwe lugha pekee ya taifa, ilhali watu wa upande wa mashariki walisema Kibengali. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Dhaka, wakiwemo wanafunzi. Imani moja haikutosha kuwashika. Mwaka 1971 upande huo ukawa Bangladesh. Kule iliyokuwa Yugoslavia mambo yalikwenda kinyume: Kiserbokroatia kilihesabiwa kuwa lugha moja, nchi ikavunjika, na leo kuna Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na Kimontenegro. Wasemaji wake wanaelewana bila mkalimani. Ukiniuliza ni lugha ngapi, nitakuuliza kwanza unamuuliza mwanaisimu au mwananchi.

Mvutano huo huishia kwa mtoto. Nyuzilandi, Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walioadhibiwa shuleni kwa kusema lugha yao walipokua waliwasemesha watoto wao Kiingereza, na Kimaori kikabaki kwa wazee. Mwaka 1982 jamii ikaruka kizazi kimoja: wakaanzisha shule za awali ambamo mabibi na mababu waliwalea wajukuu kwa Kimaori kitupu. Ndani ya miaka michache zikawa mamia. Mwaka 1985 ikabidi ifunguliwe shule ya msingi ya Kimaori, kwa kuwa watoto wale walikuwa wamefikia umri wa darasa la kwanza, na mwaka 1987 serikali ikakitambua Kimaori kuwa lugha rasmi. Sheria ilikuja ikiwafuata watoto. Kazi iliyobaki ni ya nyumbani: waliosoma humo sasa ni wazazi, na wengi wao hutoka kazini ambako wameshinda wakisema Kiingereza siku nzima.