Toleo la mwongozaji si lazima liwe filamu ile ile iliyorefushwa

Wapenzi wengi wa The Last of the Mohicans, filamu ya Michael Mann ya mwaka 1992 kuhusu mapenzi ya Hawkeye na Cora wakati Waingereza na Wafaransa wakipigana Marekani ya Kaskazini mwaka 1757, huamini kwamba matoleo ya nyumbani yaliyofuata ni yale yale ya sinema, yaliyoongezewa tu vipande vilivyokatwa. Sivyo. Toleo la sinema lina dakika 112, la DVD ya mwaka 1999 dakika 117, na la Blu-ray ya mwaka 2010 dakika 114; lingekuwa suala la kuongeza tu, hili la mwisho lisingekuwa fupi kuliko lililolitangulia. Katika DVD hiyo Mann alirefusha maneno ya Chingachgook, baba mlezi wa Hawkeye, pale mlimani mwishoni, lakini pia aliuondoa wimbo wa Clannad, bendi ya Ireland, unaosindikiza msako wa mateka, pengo ambalo kwa maoni yangu linaumiza hasa. Blu-ray iliurudisha. Kwa hiyo anayetaka kuiona filamu kama watazamaji wa 1992 walivyoiona asinunue toleo refu zaidi akidhani limebeba yote. Atazame kwanza idadi ya dakika kwenye kasha.